Usiache Winda Lako kwa Pampasi Ipitayo

Mama yangu alifika Gitega kutoka Muyinga, kwa njia ya Karuzi, akiwa na mfuko mmoja mkubwa magotini. Dada yangu, ambaye nakaa kwake wakati wa masomo, alikuwa amejifungua siku tisa tu zilizopita. Tulidhani mfuko una maharage. Mama alipoufungua tukaona vipande 24 vya kitambaa, vilivyokatwa kutoka kanga kuukuu na shuka za pamba, vimefuliwa, vimepigwa pasi na kukunjwa vizuri. Dada alivitazama, akasema kwa sauti ya chini: "Mama, viweke chini ya kitanda, wageni wasivione."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike insha hii. Dada yangu si mtu mbaya, wala hamdharau mama yake. Aliona aibu kwa sababu sisi sote, na hasa sisi tuliosoma, tumemfundisha mzazi kijana kwamba mtoto aliyefungwa kitambaa ni mtoto wa maskini, na aliyevaa pampasi ndiye mtoto wa watu. Fundisho hilo napinga. Napinga pia, kama mtakavyoona mbele, sifa za bure wanazopewa akina mama wanaofua na watu ambao hawajawahi kufua hata kitambaa kimoja.

Nianze na neno, kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa lugha. Kitambaa kile kina jina lake katika Kiswahili: winda, wingi wake mawinda. Lipo katika kamusi. Niliporudi darasani niliwauliza wenzangu, na wengi hawakulijua. Waliolijua walisema ni neno la bibi zao. Lakini wote wanajua "pampasi". Kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani ilianza kuuza nepi za kutupa kwa jina la Pampers mwaka 1961. Leo mtu wa Gitega akienda dukani husema "nipe pampasi", hata kama iliyopo imetengenezwa na kampuni nyingine kabisa. Jina la bidhaa moja limegeuka nomino ya jumla. Mimi silaumu lugha kwa kukopa. Meza tumekopa, shati tumekopa, na hatujapata hasara. Ninacholalamikia ni kwamba neno hili lilikuja na dharau yake. Lilipoingia, winda halikuwa tena nguo ya mtoto bali dalili ya kukosa pesa.

Sasa tazameni gharama ya dharau hiyo katika nyumba moja. Shemeji yangu hupata kipato cha siku kwa siku. Hakuweza kununua pakiti nzima, akawa ananunua pampasi mojamoja dukani, na wote tunajua kwamba anayenunua kidogokidogo ndiye anayelipa zaidi. Mtoto mchanga anapaswa kubadilishwa kila anapolowa au kujisaidia, na hiyo ni mara nyingi kwa siku. Lakini pampasi ikiwa ghali, mzazi huisubiri ijae. Dada alikuwa akiiacha tangu asubuhi hadi jioni. Katika wiki ya tatu mapaja ya mtoto yakawa mekundu, ngozi ikachubuka, naye akawa analia kila akikojoa. Muuguzi aliyemtazama hakutoa dawa ya ajabu. Alisema: mbadilisheni mara nyingi, mwosheni kwa maji safi, mwacheni akauke. Kosa halikuwa la kiwanda chochote. Lilikuwa letu, la kumvalisha mtoto kitu ambacho hatukuwa na uwezo wa kukibadilisha inavyotakiwa.

Usiku ule nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Tukisema pampasi 6 tu kwa siku, mwezi mmoja unahitaji 180. Miaka 2 inahitaji zaidi ya 4,300. Kila mmoja wenu azidishe idadi hiyo kwa bei ya duka la mtaani kwake. Mimi nilipozidisha, niliacha kalamu. Nikakumbuka kwamba wiki ile nyumba haikununua ndagala hata mara moja. Mama anayenyonyesha alikuwa akila maharage matupu ili mwanawe avae plastiki, na chini ya kitanda chake kulikuwa na mawinda 24 ambayo hayakumgharimu hata faranga moja.

Basi mama akauvuta ule mfuko. Nitaeleza alichotufundisha, kwa sababu wengi wanaosema winda ni tabu hawajui hata kulianza. Kitambaa kiwe cha pamba, laini, kilichozoea kufuliwa; kitambaa kipya hakinywi maji vizuri mpaka kifuliwe mara kadhaa. Vipande 20 hadi 24 vinamtosha mtoto mchanga kama mnafua kila siku. Unakunja pembetatu, unamlaza mtoto juu yake, pembe moja inapita katikati ya miguu, mbili zinatoka ubavuni, unafunga au unabana kwa pini huku kidole chako kikiwa kati ya pini na ngozi ya mtoto, ili ikichoma ikuchome wewe. Kwa mtoto wa kiume nguo iongezwe mbele. Usiku unaweka mbili. Chupi ya nailoni juu yake huzuia maji kupita, lakini isikae muda mrefu, maana nayo huziba hewa.

Kufua nako kuna utaratibu. Kinyesi hutupwa chooni kwanza. Ndoo ziwe mbili: moja yenye mfuniko ya kulowekea, nyingine ya kufulia. Sabuni ya mche inatosha. Jambo kubwa ni kusuuza hadi povu liishe, kwa sababu sabuni iliyobaki kwenye kitambaa nayo humwasha mtoto. Kisha anika juani, kwenye kamba, si majanini. Baada ya hapo piga pasi pande zote mbili. Watu hudhani pasi ni ya urembo. Sivyo. Kuna nzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi, na buu wake huingia ngozini akafanya jipu. Joto la pasi ndilo linaloua mayai hayo. Mama hakusoma elimu ya wadudu, ila pasi yake ya makaa haikuwahi kuliruka winda hata moja.

Katika muda wa wiki moja hivi ngozi ya mtoto ilipona. Haikuwa miujiza. Alikuwa sasa anabadilishwa kila akilowa, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuhesabu faranga kabla ya kumfungua.

Na hapa ndipo penye ugomvi wangu wa pili. Mwenzangu mmoja wa kike, niliposimulia haya, alinijibu hivi: "Ndugu yangu, wewe unasifu winda. Nani aliyelifua?" Hakuna swali zuri kuliko hilo. Anayeziona pampasi kuwa anasa tu hajasimama kisimani na bidoni. Katika nyumba yetu mawinda ya siku moja yalikula bidoni mbili za lita 20. Mahali ambapo bomba hutoa maji siku moja na kukauka siku mbili, au ambapo maji yanapandishwa mlimani juu ya kichwa cha mwanamke, lita 40 ni kazi nzito. Ukimwambia mama aliyejifungua juzi arudie winda, halafu ukaenda kukaa kibarazani, hujamsaidia. Umemwongezea mzigo na kuuita utamaduni.

Jibu langu ni kwamba nilifua mimi. Nilikuwa likizoni, dada alikuwa bado na maumivu, mama mgongo haumruhusu kuinama. Nilichota maji asubuhi, nikafua kabla ya jua kupanda, nikaanika. Siku ya kwanza mikono ilinitetemeka kwa kinyaa. Siku ya nne nilikuwa nikifua huku nikikariri ngeli. Wapangaji wenzetu walicheka. Mmoja aliniita yaya. Mwingine akamwuliza shemeji yangu kama nyumba yake haina wanawake. Shemeji alinyamaza siku ile, lakini Jumapili iliyofuata nilimkuta ameinamia ndoo, mikono ya shati imekunjwa. Hakusema kitu, nami sikusema kitu. Nikachukua bidoni nikaenda kuchota maji.

Kwa hiyo hoja yangu haisemi "wanawake warudi kwenye mawinda". Inasema: nyumba irudi kwenye mawinda, na baba ni mtu wa nyumba. Mwanamume asiyetaka kugusa ndoo asiseme lolote kuhusu pampasi za mkewe. Anunue, na anunue za kutosha.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya ndani ya nyumba, hayahusu nchi. Yanahusu. Pampasi ikishatumika inakwenda wapi? Ina tabaka la plastiki nje, na ndani ina nyuzi za mti zilizochanganywa na chembechembe za kemikali zinazokunywa maji na kuwa kama uji mzito. Haiozi kama ganda la ndizi. Mtaani kwetu huishia katika mashimo ya vyoo, ambayo hujaa kabla ya wakati, au kwenye mitaro, ambako mbwa huzichana. Mvua ikinyesha hushuka mabondeni. Maji ya mabonde mengi ya Gitega huingia mto Ruvubu, na Ruvubu hauishii Gitega. Unaelekea kaskazini-mashariki, unapita katika mbuga inayoitwa kwa jina lake hadi upande wa Muyinga, unaingia Tanzania na kuungana na Kagera, kisha Ziwa Viktoria, kisha Nile. Tunachokitupa hapa hakipotei, huwafikia wenzetu wa chini ya mto, na mimi ni mtoto wa chini ya mto.

Mwaka 2018 nchi yetu ilitoa amri ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki, ikaanza kutekelezwa mwaka 2020. Rwanda ilitangulia mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania ikafuata 2019. Tulipongeza, na tulistahili kupongeza. Lakini mama aliyenyang'anywa mfuko wa kubebea nyanya bado anauziwa plastiki ya kumfunga mwanawe, mara sita kwa siku, na hakuna anayeuliza. Sidai pampasi zipigwe marufuku. Nadai tuache kuzihesabu kuwa maendeleo.

Maana hata huko tunakodhani maendeleo yanakaa, hesabu inafanywa upya. Mwaka 2008 Uingereza ilitoa utafiti uliolinganisha nepi za kutupa na za kitambaa. Ulionyesha kwamba kitambaa kikifuliwa kwa maji ya moto sana na kukaushwa kwa mashine, faida yake hupotea, hata kinaweza kuzidi nepi za kutupa kwa kuchafua hewa. Lakini kikifuliwa kwa pamoja ndoo ikijaa, kikaanikwa nje, na kikavaliwa na mtoto wa pili pia, madhara yake kwa hewa hupungua kwa karibu asilimia 40. Someni tena masharti hayo: kufua kwa pamoja, kuanika juani, kumwachia mdogo mtu. Hivyo ndivyo mama yangu alivyofanya kwa watoto wake wote bila kuandikiwa ripoti.

Na ujuzi huu si wa mama yangu peke yake. Mwaka 1977 jarida la kitabibu la Marekani, Pediatrics, lilichapisha utafiti kuhusu Wadigo wa pwani ya Kenya. Akina mama wa Kidigo walianza kumzoeza mtoto haja tangu wiki za kwanza za maisha yake, kwa kumkalisha miguuni na kumtolea sauti maalumu, na walitarajia awe mkavu usiku na mchana akifika miezi 5 au 6. Waganga wengi wa Marekani wakati huo waliona kwamba mtoto hayuko tayari kuzoezwa kabla ya mwaka na nusu hivi. Ujuzi wa aina hiyo hauuzwi dukani, na labda ndiyo sababu hatuuthamini.

Nakiri mipaka yangu. Tuliposafiri na mtoto kwenda Muyinga kumwonyesha kwa babu, dada alimvalisha pampasi, nami sikubisha. Ndani ya basi hakuna ndoo. Katika mvua za Aprili mawinda yalikataa kukauka, tukayatundika karibu na jiko la makaa, na siku mbili tulishindwa kabisa. Anayetaka kuanza asianze na yote. Aanze mchana, akiwa nyumbani, kwa vipande kumi, na pampasi aziweke kwa safari. Hata nusu ya zile 4,300 ni pesa nyingi, na ni plastiki nyingi.

Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Tulipofika Muyinga, dada alishuka kwenye basi, akaingia uani kwa mama, akamfungua mtoto mbele ya majirani wote na kumfunga winda la kanga. Jirani mmoja akauliza kama huko makao makuu pampasi zimekwisha. Dada akajibu bila kuinua kichwa: "Zipo tele. Mtoto ndiye mmoja." Kisha akanitupia lile lililolowa, nami nikaenda kutafuta ndoo.