Usingizi wa mwongoza ndege si mambo yake binafsi

Na Zuhura Kidawa

Alfajiri ya Agosti 27, 2006, mwongoza ndege mmoja alikuwa peke yake kwenye mnara wa uwanja wa Lexington, Kentucky, Marekani. Jana yake alimaliza zamu ya asubuhi, akapewa mapumziko ya saa 9, akarudi kazini kabla ya usiku wa manane. Katika saa hizo 9, alilala kama saa 2 tu.

Ilipopita kidogo saa 12 asubuhi, giza halijaondoka, aliiruhusu Comair 5191 kuruka, kisha akageukia kazi za makaratasi. Hakuiona ikiingia kwenye njia fupi ya ndege ndogo, isiyo na taa. Watu 49 kati ya 50 waliokuwemo walikufa. Wachunguzi walilaumu marubani, na ni haki, kwa kuwa wao ndio waliokosea njia. Lakini ratiba ya yule mtu wa mnarani hainitoki kichwani. Kwa upande wa mapumziko haikuvunja kanuni yoyote, maana kanuni ya wakati ule ilidai saa 8. Kilichopuuzwa ni agizo la kuweka watu wawili usiku.

Hapo ndipo ninapogombana na watunga kanuni. Wanahesabu saa ambazo mtu hayuko mnarani, wanazichukulia kuwa ndizo alizolala. Toa muda wa barabarani, toa chakula, toa watoto wanaorudi kutoka shule, halafu uuamuru mwili ulioamka alfajiri ulale saa 10 jioni, jua likiwaka. Haulali.

Machi 2011, msimamizi aliyekuwa peke yake zamu ya usiku katika uwanja wa Reagan, Washington, alipitiwa na usingizi, na ndege mbili za abiria zikatua bila mnara kuzijibu. Mapumziko yakapandishwa kutoka saa 8 hadi 9. Yaani yaleyale aliyoyapata mtu wa Lexington! Ikabidi kungoja hadi Aprili 2024, mkuu wa mamlaka ya anga ya huko, Mike Whitaker, alipotangaza saa 10 kati ya zamu na zamu, na 12 kabla na baada ya zamu ya usiku.

Waongoza ndege nao wana lao. Wengi huko wameipenda ratiba ya jioni mbili, asubuhi mbili, kisha usiku mmoja, kwa sababu inawaachia mapumziko marefu mwisho wa wiki. Nawaelewa, hasa wanaoitwa kazini siku sita kwa wiki kwa uhaba wa watu. Hata hivyo, abiria aliye angani hakushirikishwa katika makubaliano hayo.

Tangu Novemba 2020, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga linazitaka nchi wanachama, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo, ziwe na kanuni za kudhibiti uchovu wa waongoza ndege. Mamlaka zetu zianze hesabu kitandani, na zisiogope kuruhusu usingizi mfupi wakati wa zamu ya usiku. Mwaka 2011 Waziri wa Uchukuzi wa Marekani, Ray LaHood, alilikataa wazo hilo, akisema hawatalipa watu walale kazini. Mimi ningewalipa: walale kitandani, katika chumba chenye giza, muda ukiwa umeandikwa kwenye ratiba, na mwenzao akiwa kitini anazungumza na marubani.