Yaliyoandikwa Nyuma ya Kopo



Juma hili nimepokea swali la mama mmoja ambaye binti yake ameposwa, na harusi inatarajiwa Mfungo Pili, inshaallah. Ameniletea picha ya nyuma ya kopo la mafuta anayojipaka binti huyo usoni na mikononi, asubuhi na usiku, na chini ya picha ameandika: "Sheikh wetu, humu mna alkoholi. Je, sala ya mwanangu inasihi?"

Nampongeza mama huyu kwa kuligeuza kopo. Wengi wetu husoma upande wa mbele tu, ambako mwenye kuuza hujisifia apendavyo. Upande wa nyuma ndiko anakopaswa kueleza alichotia ndani. Ama jawabu la swali lake ni jepesi. Katika elimu ya kemia, alkoholi ni jina la ukoo mzima, na si kila aliye wa ukoo huo anayelevya. Iliyomo katika kopo lile inaitwa setili, nayo ni kitu kigumu cheupe mfano wa nta, hupatikana aghalabu katika mafuta ya mawese na ya nazi. Kazi yake ni kuyashikamanisha maji na mafuta yasiachane, na kuiacha ngozi nyororo. Hailevyi wala si najisi. Inayolevya ni ethanoli, na juu ya kuipaka mwilini wanazuoni wa zama zetu wana kauli zaidi ya moja. Mwenye kujihadhari nayo hakosi kitu, kwani ngozi kavu huizidishia ukavu.

Na kuhusu wudhu, mafuta yaliyokwisha kunywewa na ngozi yakabaki kuteleza tu hayazuii wudhu, maadamu maji yanapita juu ya ngozi. Kinachozuia ni kitu chenye jirmu, yaani chenye mwili wake kinachoifunika ngozi, kama nta au rangi ya kucha.

Basi kwa upande wa alkoholi, mama na alale usingizi. Lakini katika picha ile ile, chini kidogo ya neno lililomtisha, kulikuwa na maneno mawili ambayo hakuyauliza. Nimeyapitia pamoja na mfamasia tunayesali naye msikiti mmoja, na hayo ndiyo yaliyonifanya niandike safu hii badala ya kumjibu mama kwa simu nikanyamaza. Maneno yenyewe ni haidrokwinoni na klobetasoli.

Kabla ya kuyaeleza, yafaa tujue namna ya kuisoma orodha ile. Viungo hupangwa kwa wingi wake: kilicho kingi hutangulia, na vilivyo chini ya asilimia 1 hufuata mwishoni kwa mpangilio wowote. Ndiyo maana mara nyingi neno la kwanza ni Aqua, ambalo ni maji matupu kwa Kilatini. Mimea nayo huandikwa kwa majina ya Kilatini. Nazi ni Cocos nucifera, ufuta ni Sesamum indicum, na hina yetu ni Lawsonia inermis. Kopo likiwa na picha kubwa ya nazi mbele, na Cocos nucifera ikawa imejificha mkiani baada ya manukato, basi umeuziwa picha.

Viungo vyema si vigumu kuvijua, na vingi si ghali. Gliserini huvuta maji na kuyaweka katika tabaka la juu la ngozi. Mafuta mazito ya mgando yatokanayo na petroli, yaliyosajiliwa hataza Marekani mwaka 1872 na Robert Chesebrough, hayaleti maji bali huyafungia yaliyopo yasipotee. Kwa hiyo wakati wake mzuri ni pale ngozi ingali na unyevu: baada ya kuoga, au baada ya wudhu wa Isha kabla ya kulala. Ajipakaye juu ya ngozi iliyokwisha kukauka amefungia ukavu. Mafuta ya nazi na siagi ya shea hulainisha na kuziba nyufa ndogo ndogo, ingawa mwenye chunusi heri asiyapake usoni. Yurea, hasa iliyo nyingi, hulegeza ngozi ngumu, na wenye magaga miguuni wataiona faida yake. Oksidi ya zinki hutuliza ngozi ya mtoto iliyochubuliwa na nepi, na pia hukinga jua. Kuna vilevile niasinamaidi, ambayo ni aina ya vitamini B3, isaidiayo kupunguza madoa polepole bila ya kuidhuru ngozi ya walio wengi.

Sasa turudi kwa yale maneno mawili. Haidrokwinoni, ambayo kwenye kopo utaitambua kwa herufi h-y-d-r-o-q, huzuia ngozi kutengeneza melanini, yaani ile rangi yetu. Daktari huweza kumwandikia mgonjwa wa madoa kwa muda maalumu, akimwangalia. Balaa huja anapoitumia mtu kwa miezi na miaka, kisha akatoka juani. Mashavu na sehemu za juu ya macho huota weusi wa kibuluu wenye vipele vidogo, na weusi huo ni mgumu mno kuondoka. Madaktari wa Afrika Kusini waliueleza mwaka 1975 kwa wanawake waliokuwa wakitumia mafuta ya kujichubua, na nchi ile ikaipiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi mwaka 1990. Kwetu Kenya pia imekatazwa katika vipodozi, ingawa yeyote apitaye madukani anajua kwamba kukatazwa ni jambo moja na kutoweka ni jingine. Msiba wake mkubwa ni kwamba mwenye kuona weusi ule huongeza mafuta yale yale, akidhani hajajipaka ya kutosha.

Klobetasoli ni dawa ya jamii ya steroidi, na miongoni mwa steroidi za kupaka iko katika daraja la zenye nguvu kabisa. Imewekwa kwa ukurutu mkali na maradhi mfano wake, na kwa kawaida haitumiki zaidi ya wiki mbili mfululizo, wala usoni. Atakayeifanya mafuta ya kila siku itampendeza mwanzoni, kwani huondoa wekundu na vipele kwa haraka. Baadaye ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, michirizi hutokea mapajani na mikononi nayo haifutiki, chunusi huzidi, na choa husambaa kimya kimya chini ya uso uliong'aa. Ikipakwa mwili mzima kwa muda mrefu huingia katika damu, na zile tezi zilizo juu ya figo, ambazo hutengeneza steroidi ya mwili wenyewe, hulala.

Lipo la tatu ambalo halikuwamo katika kopo la binti huyu, alhamdulillahi, nalo ni zebaki. Huandikwa kwa majina yaanzayo na merc- au hydrarg-, na wakati mwingine haiandikwi kabisa. Dalili moja ni maelezo yanayokuonya usiyaguse mafuta ukiwa umevaa dhahabu au fedha. Kitu kinachoiharibu bangili yako kitaichezea shere figo yako? Zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu, humfikia mtoto aliye tumboni, na hushikamana na taulo na mito hata ikawafikia wasiojipaka. Nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata juu ya zebaki zilikubaliana mwaka 2023 kwamba utengenezaji na biashara ya vipodozi vilivyotiwa zebaki ukome ifikapo 2025.

Kuhusu mkorogo uuzwao katika vikopo visivyo na maandishi, sina cha kuufafanua, kwa kuwa hapana cha kusoma. Kisichojulikana kilichomo kisipakwe.

Hukumu ya sheria katika haya haina utata. Mwili ni amana, na kujitia katika madhara hakuruhusiwi, sembuse kwa ajili ya rangi. Kutibu doa au ugonjwa ni jambo jingine, na mlango wake uko wazi kwa daktari. Lakini nisiwalaumu mabinti peke yao. Wapo wanaume tunaosali nao safu moja ambao wakitafuta mchumba, sifa ya kwanza wanayoitaja ni weupe, na wapo mawifi na mashangazi wanaomsifu biharusi kwa kusema ameng'aa, ilhali wanajua ameng'aa kwa nini. Binti husikia.

Huyu wetu asiyaache mafuta yale ghafla bila ya msaada. Aliyezoea steroidi akiikata kwa siku moja, ngozi huwaka, ikawa nyekundu na kuwasha, naye akarudia kopo kwa hofu. Na aliyejipaka mwili mzima anaweza kudhoofika na kuzimia. Aende kwa daktari wa ngozi akiwa na kopo lenyewe mkononi, aeleze ni miezi mingapi na ni sehemu zipi, naye atampangia namna ya kupunguza. Kwa wakati huu ajifunike na jua. Singo ya harusi na ifanyike kama ada, kwa liwa na manjano, ila somo asitie ndimu, kwani maji yake yakibaki juu ya ngozi na jua likayapata huunguza na kuacha mabaka meusi.

Na aliye na kopo analolishuku kuwa na zebaki asilitupe katika taka za kuchomwa, maana zebaki ikipata moto hugeuka mvuke, na mvuke huo huvutwa na kila aliyemo nyumbani. Alifunge barabara, alitie katika chombo chenye kifuniko mbali na watoto, kisha amuulize afisa wa afya ya umma wa eneo lake pa kulipeleka.