Hesabu za Sekondari Nazo ni Silaha ya Askari

Katika madarasa ya sekondari ya Afrika Mashariki hufundishwa sura moja ya hesabu ambayo wanafunzi wengi huiaga siku ya mtihani na wasiikumbuke tena. Ni sura ya mahusiano na fanksheni. Maoni yetu ni kwamba sura hiyo haimfai mwanafunzi peke yake. Inamfaa pia, na pengine zaidi, mlinzi wa usalama, yaani mwanajeshi na polisi, kwa kuwa ndani yake limo jambo linaloamua kila siku kama kombora litaanguka pale lilipokusudiwa, na kama pingu zitafungwa mikono iliyostahili. Askari asiyelielewa jambo hilo anaweza kuwa shupavu na mwenye nidhamu, na bado akamdhulumu raia mwema bila kukusudia.

Hebu tuanze na maana. Tuchukue kijiji kimoja katika gombolola ya Bulumbi, wilayani Busia. Tuandike upande wa kushoto wa karatasi majina ya watoto wote wa kijiji, na upande wa kulia majina ya mama zao. Kisha kutoka kwa kila mtoto tupige mshale uende kwa mama aliyemzaa. Kila mtoto atatoa mshale mmoja, wala hatatoa wa pili, na hatakosekana mwenye kutoa. Uhusiano wa namna hii ndio uitwao fanksheni: kila kilichoko upande wa kwanza kinaelekezwa kwenye kitu kimoja, na kimoja tu, cha upande wa pili.

Sasa tuigeuze mishale. Mama mwenye watoto sita atatoa mishale sita. Huu nao ni uhusiano wa kweli, wala hauna uongo ndani yake, lakini si fanksheni. Ukitajiwa mtoto na ukaulizwa mama yake, jibu ni moja. Ukitajiwa mama na ukaulizwa mtoto wake, huna jibu mpaka uongezewe habari. Ndugu msomaji na azingatie jambo ambalo huwapotosha wanafunzi wengi: watoto sita kumwelekea mama mmoja hakuvunji sharti la fanksheni. Kinacholivunja ni mmoja kuelekeza kwa wengi. Vivyo hivyo katika namba: 3 na -3 zote zikizidishwa kwa zenyewe hutoa 9, na hilo si kosa, lakini ukiambiwa namba iliyozidishwa kwa yenyewe ikatoa 9, huwezi kuapa kwamba ni 3.

Wazo hili halikushuka jana. Mwanahesabu Leonhard Euler ndiye aliyeanza kuandika f(x) mwaka 1734, na Dirichlet, mwaka 1837, akalieleza karibu na namna tunavyolieleza leo. Katika nchi zetu limeingia mashuleni kwa nguvu kupitia mji wa Entebbe, ambako kuanzia mwaka 1962 walimu wa Kiafrika, wa Marekani na wa Uingereza walikutana kuandika vitabu vya hesabu za kisasa vilivyojulikana kwa jina la mji huo. Vitabu hivyo vilijaa seti na mishale. Wazazi na walimu wengi walilalamika kwamba watoto wanachora mishale huku hawajui kugawanya, na Kenya ikaziondoa hesabu hizo za kisasa mashuleni mwaka 1981. Lakini wazo la fanksheni halikufa, maana hakuna awezaye kuchora grafu pasipo kulitumia. Kilichokosekana si ubora wa somo, bali mifano iliyotoka katika kazi za watu.

Basi tuitafute mifano hiyo katika kazi ya askari.

Mwanajeshi aliyefundishwa kusoma ramani anajua kwamba kila mahali pana kimo kimoja juu ya usawa wa bahari. Ukimpa namba za gridi za kichuguu kimoja cha Bulumbi, ramani itamjibu kimo chake. Hiyo ni fanksheni. Lakini akigeuza swali na kuuliza ni mahali gani penye kimo cha mita 1,200, ramani haimwonyeshi nukta moja. Inamwonyesha mstari mzima wa kontua, unaozunguka kilima na pengine kutokea tena ng'ambo ya kinamasi. Kiongozi wa doria anayetuma habari kwa redio kwamba yuko kwenye kontua fulani amesema kweli, lakini hajasema aliko. Wenzake wakimtafuta kwa habari hiyo watazunguka hadi usiku.

Mfano wa mzinga unaeleza zaidi. Mwaka 1537 Mtaliano Niccolò Tartaglia aliandika kwamba mzinga hutupa mbali kuliko kote ukiinuliwa nyuzi 45. Mwaka 1638 Galileo akathibitisha kwa hesabu kwamba pembe mbili zilizopishana sawasawa na 45, moja juu na moja chini, hufikisha umbali mmoja. Tuseme kombora linatoka kwa mwendo wa mita 100 kwa sekunde, na tuuache kando upinzani wa hewa. Likirushwa kwa nyuzi 30 litaanguka umbali wa mita 884 hivi. Likirushwa kwa nyuzi 60 litaanguka pale pale, mita 884. Tofauti ni kwamba la kwanza hupanda kama mita 128 tu, na la pili hupanda kama mita 383. Basi kutoka pembe kwenda umbali ni fanksheni: pembe moja, umbali mmoja. Kutoka umbali kwenda pembe si fanksheni: umbali mmoja, pembe mbili. Mpigaji aliyeko nyuma ya kilima akipewa umbali tu bila kuambiwa atumie pembe ya juu au ya chini, anaweza kukipiga kilima chenyewe kilichosimama mbele yake, au wenzake waliokikalia. Ndiyo sababu mzinga wa mota hupigwa kwa pembe zinazozidi 45, na ndiyo sababu majedwali ya masafa hutenganisha pembe za juu na za chini. Aliyeyatunga aliujua uhusiano, akaugawa vipande viwili ili kila kipande kiwe na jibu moja.

Tugeukie sasa kwa ndugu zetu polisi, ambako dhara la kutofahamu somo hili humwangukia raia moja kwa moja.

Mwaka 1902 Waingereza waliukata mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia katika himaya ambayo baadaye ilikuja kuwa Kenya. Tangu hapo Wasamia na Wateso wamekuwa wakiishi pande mbili za mpaka, na majina yao hayakukatwa na mpaka huo. Huko mtoto hupewa jina la babu aliyetangulia, na majina kama Wandera, Ouma, Egesa na Barasa yanasikika Bulumbi, yanasikika Tororo, na yanasikika Busia ya Kenya. Basi ikija taarifa kwamba anatafutwa mtu aitwaye Wandera, mwenye baiskeli, mkazi wa upande wa Busia, mshale unaotoka kwenye jina hilo hauendi kwa mtu mmoja. Unaenda kwa mamia. Jina ni uhusiano, si fanksheni. Konstebo anayemkamata Wandera wa kwanza kutokea kizuizini, akamlaza mahabusu na kuandika kitabuni kwamba mtuhumiwa amepatikana, ameigeuza mishale mingi kuwa mmoja kwa nguvu ya bunduki. Hesabu haikumruhusu, na haki nayo haikumruhusu.

Namba ya kitambulisho cha taifa imetungwa kwa ajili hiyo hasa: namba moja kwa mtu mmoja, na mtu mmoja kwa namba moja. Fanksheni ya aina hii ndiyo pekee inayoweza kugeuzwa bila kuharibika. Kwa hiyo afisa anayeuliza namba kabla ya kuamini jina hafanyi urasimu. Anatafuta mshale usio na tawi.

Hata alama za vidole, ambazo wengi huziona kuwa neno la mwisho, zinataka akili hiyo hiyo. Utaratibu uliotungwa Bengal chini ya Edward Henry, kwa hesabu zilizofanywa na Azizul Haque na Hem Chandra Bose, na kuanza kutumika Scotland Yard mwaka 1901, ulikuwa fanksheni halisi. Vidole kumi huhesabiwa kuanzia gumba la kulia, kisha hupangwa jozi tano zenye thamani 16, 8, 4, 2 na 1. Kila kidole chenye alama ya mzingo hupata thamani ya jozi yake, na kisicho na mzingo hupata sifuri. Thamani za vidole vya namba shufwa hujumlishwa na kuongezwa 1, zikaandikwa juu. Za namba witiri hufanywa vivyo hivyo, zikaandikwa chini. Mtu mwenye mzingo kwenye gumba la kulia na kidole cha shahada cha kushoto tu, anapata 16 na 2, ambazo ni 18. Ukiongeza 1 ni 19. Kundi lake ni 1 juu ya 19. Kwa njia hii watu wote wa dunia hugawanyika katika makundi 1,024, na kila mtu ana kundi moja.

Lakini makundi ni 1,024 tu, na watu ni mamilioni kwa mamilioni. Kwa hiyo mtu hutoa kundi, bali kundi halitoi mtu. Kundi lilimsaidia karani kujua afungue saraka ipi. Kumtambua mhusika kulitaka mistari ya vidole ilinganishwe mmoja mmoja na mtaalamu. Aliyesema “kundi ni lile lile, basi mtu ni yule yule” alikuwa amekosea kama yule wa kontua.

Liko tena jambo la mnyororo. Namba ya pikipiki inaelekeza kwenye pikipiki moja. Pikipiki inaelekeza kwa mwenye kuiandikisha. Hadi hapo mishale ni imara, na fanksheni mbili zikiunganishwa hutoa fanksheni. Lakini mwenye pikipiki na aliyeiendesha usiku wa tukio si lazima wawe mtu mmoja. Katika mji wa Busia, ambao watu wengi husema ndipo lilipozaliwa neno bodaboda kutokana na safari za baiskeli za mpaka hadi mpaka, pikipiki moja huweza kuendeshwa na vijana watatu kwa zamu. Kiungo hicho kimoja kisipokuwa fanksheni, mnyororo wote umekatika, hata viungo vingine viwe vya chuma. Mwezi Juni 2025, pale Uganda iliposimamisha kwa muda utaratibu mpya wa faini za barabarani zinazotozwa kwa kamera baada ya malalamiko ya wananchi, yalitajwa mengi, kama ukubwa wa faini na mwendo ulioruhusiwa. Sisi tunaongeza hili: kamera huisoma namba, haiwezi kuapa nani alishika usukani. Na hali ni hiyo hiyo kwa laini ya simu, ambayo huandikishwa kwa jina la mmoja na kutumiwa na mwingine.

Watatokea wa kusema kwamba siku hizi kompyuta hufanya kazi hiyo yote, na askari atii tu kilichoandikwa kwenye kioo. Hapana. Kompyuta hutoa mshale. Haimwambii askari kama mshale huo ni wa pekee au ni mmoja kati ya hamsini. Swali hilo huulizwa na mtu. Tena katika kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichozinduliwa mwaka 2018, ambako maafisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja, orodha za nchi mbili hukutana, na majina yanayofanana huongezeka badala ya kupungua.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, vyuo vya kuwafunza makuruti wa jeshi na polisi viirudie sura hii kwa mifano ya ramani, mzinga, jina na namba, si kwa herufi tupu. La pili, ifundishwe kwa Kiswahili, lugha ambayo kambi zetu zimeizoea tangu enzi za KAR. Askari akielewa kwa lugha anayopewa amri, atakumbuka kwa lugha hiyo hiyo atakapokuwa kizuizini usiku. La tatu, askari wenye watoto wa sekondari wasione haya kuvifungua vitabu vyao. Mtaala mpya ulioanza Uganda mwaka 2020, ambao watahiniwa wake wa kwanza walimaliza kidato cha nne mwaka 2024, unamtaka mwanafunzi aonyeshe matumizi ya alichojifunza. Kenya nayo ilitangaza mwaka 2025 kwamba hesabu zitakuwa za lazima katika sekondari ya juu, baada ya kuwapo mpango wa kuziacha ziwe za hiari. Mtoto akiuliza hesabu hizi zina faida gani, mzazi wake aliyevaa sare awe wa kwanza kumjibu.

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Kwa askari maana yake ni hii: kabla ya kufyatua na kabla ya kufunga pingu, uliza kama dalili uliyo nayo inaelekeza kwa mmoja au kwa wengi. Ikiwa ni kwa mmoja, timiza wajibu wako bila kusita. Ikiwa ni kwa wengi, tafuta dalili nyingine mpaka abaki mmoja. Raia wa Bulumbi na wa ng'ambo ya mpaka watalala kwa amani pale watakapojua kuwa mlinzi wao anaijua tofauti hiyo.