Njeo si Kalenda: Dhidi ya Mbiti na Warithi Wake

Kwa zaidi ya nusu karne wahakiki wetu wamekuwa wakirithishana hoja moja bila kuipekua. Inatoka kwa John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, katika African Religions and Philosophy (1969). Kwa kuorodhesha njeo za Kikamba na Kigikuyu, Mbiti alidai kwamba zile za wakati ujao hazivuki miezi 6, au miaka 2 kwa kikomo. Akahitimisha kwamba Mwafrika wa jadi hana mustakabali wa mbali, ana Sasa na Zamani tu. Mwanafunzi wa uzamili akikutana na mhusika anayetazama nyuma kuliko mbele, hukimbilia hukumu hiyo, na uhakiki ukafia papo hapo. Nje ya idara madhara ni makubwa zaidi: Mkamba akipatwa na ukame, huambiwa hajui kupanga.

Kasoro ya hoja hii ni kuigeuza njeo kuwa kalenda. Kiingereza hakina kiambishi cha wakati ujao. Hutumia kitenzi kilichokuwa na maana ya kutaka. Kiswahili kina -ta- moja, itumikayo kwa chakula cha jioni na kwa Siku ya Kiyama. Je, Mwingereza hana kesho? Kikamba, kinachopambanua daraja za ukaribu na umbali wa wakati ujao, kilistahili kusifiwa kwa utajiri, si kushtakiwa kwa ufukara. (Ajabu nyingine: fikra hiyo inayodaiwa kuwa ya Wakamba imevikwa maneno ya Kiswahili, na zamani lenyewe lina asili ya Kiarabu.)

Whorf alikwisha kuipita njia hii kuhusu Wahopi wa Marekani. Mwaka 1983 Ekkehart Malotki akaonyesha, kwa kitabu kizima cha mifano, jinsi lugha yao ilivyojaa semi za wakati. Kwame Gyekye naye alimpinga Mbiti kwa ushahidi wa Kiakan. Sisi tulio jirani na Kitui tunangoja nini?

Simulizi ya Syokimau, nabii aliyeiona reli kama nyoka mrefu kabla haijafika, haitoshei katika miaka 2. Hata anayeshuku kwamba ilitungwa baadaye hana budi kueleza jinsi wasikilizaji wake walivyoielewa. Kiapo cha kithitu, kinachoaminika kuwaandama jamaa wa aliyeapa uongo, nacho kinadai kesho ndefu.

Swali la Mbiti lilikuwa zuri: kwa nini waumini wa Ukambani walitarajia Kristo arudi upesi? Lakini jibu lilipasa kutafutwa kwanza katika mahubiri ya wamisionari wenyewe, waliosisitiza kwamba siku hiyo i karibu. Baadaye Mbiti alilitafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki hadi Kikamba, likatolewa mwaka 2014. Vitabu vyote 27 vimo, Ufunuo ukiwamo. Msimamizi atakayekuta tena katika tasnifu kwamba Mwafrika hana wakati ujao amdai mtahiniwa sentensi za Kikamba, na msemaji aliyezitamka.