Kabla ya Kupandisha Ghorofa, Tupime Nguzo

Anayepita Katesh kwa barabara ya lami iendayo Singida, au anayetembea katikati ya mji wa Mbulu, huona nondo zilizoachwa wazi juu ya majengo ya biashara. Nondo hizo ni ahadi: mwenye jengo anasubiri fedha apandishe ghorofa nyingine. Hakuna ubaya katika kutaka kukua. Ubaya umo katika swali lisiloulizwa: je, nguzo za chini zilikusudiwa kubeba mzigo huo? Hoja yangu ni kwamba halmashauri zisitoe kibali cha kuongeza ghorofa kabla nguzo zilizopo hazijapimwa, na zikionekana dhaifu, ziimarishwe kwanza.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo inahusu ukuta, na ukuta humpa mtu nafasi ya pili. Nguzo haitoi nafasi hiyo. Ikielemewa huweza kupasuka ghafla, na mzigo wake huhamia kwa nguzo jirani ambazo nazo huenda zimekwisha kuchoka. Ndiyo maana jengo zima huweza kulala chini kwa sekunde chache. Kariakoo tulilishuhudia hilo Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa lilipoporomoka na kuua watu zaidi ya 20. Halikuwa jengo jipya. Watu walikuwa wakifanya biashara zao humo kila siku.

Mbulu na Hanang zina sababu ya ziada ya kuwa na hadhari. Wilaya hizi zimo katika ukanda wa Bonde la Ufa, na Mei 7, 1964, tetemeko lililozidi ukubwa wa 6 lilitikisa eneo la Mbulu. Majengo ya ghorofa tunayoyaona leo hayakuwapo wakati huo. Tetemeko la Bukoba la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilionyesha jinsi nyumba na shule zinavyoweza kuharibika kwa muda mfupi. Ardhi inapotikisika, nguzo haibebi tu, bali pia husukumwa pembeni. Kinachoiokoa ni ringi zilizofungwa kwa karibu, hasa inapokutana na boriti. Kwa bahati mbaya, ringi ni rahisi kupunguzwa ili kubana gharama, kwa kuwa zege likishamwagwa hakuna azionaye.

Habari njema ni kwamba nguzo dhaifu hutibika. Njia iliyozoeleka ni kuivika koti la zege: uso wa zamani huparuzwa hadi zege imara lionekane, nondo mpya na ringi hufungwa kuizunguka, kisha zege jipya humwagwa. Njia nyingine ni kuibana kwa vyuma vya pembe vilivyounganishwa kwa bamba za kuchomelea. Ipo pia ya kuizungushia nyuzi za kaboni kwa gundi maalumu, ingawa hiyo ni ghali zaidi. Kwa miji yetu, mbili za kwanza zinatosha kwa majengo mengi, kwa kuwa saruji, nondo na wachomeleaji tunao.

Hata hivyo, kazi hii si ya kukisia. Kuziba ufa kwa plasta si kuimarisha, ni kuficha ugonjwa. Sakafu za juu zisipoegemezwa kwanza kwa mirunda au vyuma, koti jipya halipokei sehemu ya mzigo uliokwisha kuilemea nguzo. Koti lisipofungamana na msingi, au msingi wenyewe ukiwa mdogo, tumehamisha udhaifu kutoka juu kwenda chini. Kwa hiyo mhandisi aliyesajiliwa hutangulia: apime ugumu wa zege, atafute nondo zilizomo, afukue msingi, ndipo achore.

Watasema gharama ni kubwa. Bangladesh nayo si nchi tajiri. Aprili 24, 2013, jengo la Rana Plaza liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100, siku moja tu baada ya nyufa kuonekana. Juu yake zilikuwa zimeongezwa ghorofa zisizo na kibali. Baada ya hapo, viwanda zaidi ya 1,500 vilikaguliwa chini ya makubaliano ya kisheria, na vilivyokutwa na nguzo dhaifu vikatakiwa kuziimarisha. Fedha zilipatikana, ila baada ya mazishi.

Nasi tunaujua mtindo huo. Baada ya maporomoko ya tope ya Hanang ya Desemba 3, 2023, Serikali iliwajengea waathirika nyumba mpya. Ilitenda wema. Maafa yale hayakuletwa na nguzo, lakini yalitukumbusha kwamba mkoba wa umma hufunguka upesi msiba ukishafika. Tuufungue mapema kidogo. Halmashauri zianze na majengo yao zenyewe ya ghorofa, yawe shule, ofisi au masoko, na ripoti za ukaguzi zibandikwe hadharani. Kisha zimtake kila mwenye nondo zilizo wazi juu ya paa alete vipimo vya nguzo zake kabla ya kuomba kibali.

Wazee wa Kiiraqw walioishi katika nyumba za tembe, chini ya paa zito la udongo lililobebwa na nguzo za miti, hawakuhitaji shahada kujua kwamba nguzo iliyoliwa na mchwa haingojwi ianguke. Sisi tuna wahandisi, sheria na vipimo. Kilichobaki ni kuvitumia kabla ya tofali la ghorofa ya pili kupanda.