Freni mpya zisifungwe kiholela

Ndugu Mhariri,

Ninakerwa na wauzaji wa vipuri vya pikipiki hapa Lubumbashi wanaouza plaketi za freni bila kumweleza mteja lolote. Juzi, huko Katuba, kijana wa taxi-moto alifungiwa na fundi plaketi na disiki mpya ingali na mafuta ya kiwandani. Akapakia abiria papo hapo. Freni ikakataa kushika, nusura wamgonge mama muuza mboga.

Plaketi lazima zilingane na aina ya pikipiki. Disiki husafishwa kwanza, kisha dereva, bila abiria, hupunguza mwendo kwa freni mara kadhaa pasipo kusimama kabisa, hadi plaketi na disiki zishikane vizuri.

Viongozi wa jimbo na vyama vya taxi-moto, tunaomba jibu: nani atawaelekeza wauzaji na mafundi?

Msomaji wenu,
Kamalondo