Nike bado kinara wa raba, lakini mbona inahema?

Kwa mauzo, hakuna aliyeitoa Nike kileleni. Katika mwaka wa fedha ulioisha Mei 2025, kampuni hiyo ya Marekani iliuza bidhaa za dola bilioni 46.3. Shida ni kwamba mwaka mmoja nyuma iliuza za dola bilioni 51.4. Yaani dola bilioni 5 na ushee zimeyeyuka ndani ya miezi 12.

Ilijikwaa wapi?

Chini ya bosi wa zamani, John Donahoe, Nike ilipunguza kuuza kupitia maduka ya wengine. Ilitaka mteja anunue kwenye app na maduka yake yenyewe, faida ibaki ndani. Wakati wa corona hesabu ilikubali. Maduka yalipofunguliwa, rafu zilizoachwa wazi zilishapata wapangaji wapya, wakiwemo Hoka na On ya Uswisi.

Pia iliegemea mno raba zilezile: Air Force 1, Dunk na Jordan 1. Zilipozagaa kila kona, hamu ikapungua. Juni 28, 2024, hisa zake zilianguka kwa karibu asilimia 20 kwa siku moja. Oktoba, Elliott Hill, mkongwe aliyekuwa amestaafu, akarudishwa kuwa bosi. Sasa kampuni inarudi kwa wauzaji iliowaacha, hata Amazon.

Adidas imefufuka

Oktoba 2022 Adidas ilivunja mkataba na Kanye West, na wengi waliona imekwisha. Bjørn Gulden akaja kutoka Puma Januari 2023, akaisukuma Samba, raba ya enzi za babu, hadi ikawa ya mjini. Mwaka 2024 mauzo yalifika euro bilioni 23.7. Bado ni kama nusu ya Nike, lakini mmoja anapanda, mwingine anashuka.

Vita ya barabarani

Tazama wiki sita za mwaka 2023. Septemba 24, Tigst Assefa wa Ethiopia aliweka rekodi ya dunia ya marathon Berlin, saa 2:11:53, kwa Adidas ya gramu 138 iliyouzwa dola 500. Oktoba 8, Kelvin Kiptum wa Kenya akaweka ya wanaume Chicago, 2:00:35, kwa Nike. Novemba 5, Hellen Obiri wa Kenya akashinda New York kwa On.

Kampuni tatu, miguu yote ya Afrika Mashariki.

Sisi tunapata nini?

Kwenye viwanda, kidogo sana. Karibu nusu ya viatu vya Nike hutengenezwa Vietnam. Kenya ina Enda, iliyoita kiatu chake cha kwanza Iten, lakini hiyo ni kampuni changa mbele ya majitu.

Kwa wanariadha ni habari nyingine. Kinara akiwa mmoja, mkimbiaji anasaini anachopewa. Wanunuzi wakiwa wanne, ana pa kwenda. Nike ikihema, meneja wa kijana wa Eldoret ana sababu ya kuomba zaidi.